Vyumba Vilivyo Juu ya Duka la Kusow

Jumatatu, 2 Oktoba

Saa mbili na dakika ishirini. Hicho ndicho nilichoagizwa kuandika. Mama Syombua, mwenye duka la miwani ninakofanya kazi hapa Kitui mjini, amenipa daftari hili niandike kila siku saa niliyofika, ili mwisho wa mwaka tusibishane. Amesema nikichelewa mara tatu baada ya mvua kuanza, atatafuta mtu anayeishi karibu. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akifuta kioo cha kabati, kama mtu anayetangaza hali ya hewa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ukurasa ni mkubwa na saa ni mstari mmoja. Sehemu iliyobaki naichukua.

Mimi ni Nzisa. Nina miaka ishirini na sita na kazi yangu ni kukata lenzi. Mteja akipimwa macho kule mbele, karatasi yake inaletwa kwangu nyuma, nami nasaga lenzi mpaka iingie kwenye fremu. Naipenda kazi hii. Lakini naishi Matinyani na mama yangu, na kabla ya kufika barabarani lazima nivuke mto wa mchanga ambao mvua ikinyesha huwa mto wa kweli. Nimetafuta chumba mjini miaka miwili. Hata bedsita, chumba kimoja cha mlango mbovu, inataka zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Na bado, nikisimama mlangoni saa ya chai, naona madirisha ya ghorofa za juu katikati ya mji yamezibwa kwa mabati. Vyumba vitupu juu ya vichwa vyetu, nasi tunatembea.

Alhamisi, 5 Oktoba

Saa mbili kasoro dakika tano. Leo sina deni na mtu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mikono inanuka rangi. Nieleze kwa nini.

Jengo lililo ng'ambo ya barabara ni la Ushirika wa Wendo. Wanachama wake ni akina mama wa vijijini, mama yangu akiwemo, waliolijenga zamani kwa kuuza kunde na mbaazi zao pamoja. Chini ni duka la jumla la Kusow, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Garissa. Ghorofa mbili za juu zilikaa tupu miaka tisa, zikiliwa na popo. Mwezi wa nane mwenyekiti wa ushirika, Mzee Mutisya, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, alitangaza mpango: vyumba kumi na vinane kwa vijana wanaofanya kazi mjini, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu vya pamoja, kodi ndogo. Ushirika ungenunua vifaa. Kazi tungefanya wenyewe, na watakaofanya kazi ndio watakaopewa nafasi kwanza.

Tulijitokeza ishirini na wanne. Kila Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada tunakwangua kuta, tunabeba kifusi, tunapaka rangi. Anayetuongoza ni Kitonga, fundi wa mabomba. Hajui kukaa. Ukimpa nafasi ya kupumzika anakwenda kukaza mfereji ambao haujalegea.

Rafiki yangu Kalekye, anayeoka mikate, ameshachagua chumba chake: kile cha pembeni kinachopata jua la asubuhi. Nimemwambia saa ya jua la asubuhi yeye huwa tayari yuko kwenye tanuri. Akasema basi jua litamngojea arudi.

Kusow tu ndiye anayetukera. Husimama penye ngazi, hasalimu, anatutazama tunavyopanda na ndoo kana kwamba tunaiba.

Jumanne, 17 Oktoba

Mvua ya kwanza. Saa mbili na robo. Mara ya kwanza.

Jumapili, 22 Oktoba

Kanisani Mzee Mutisya alituita mbele, sote tulio wa jengo, na rangi kwenye kucha zetu. Akawaambia waumini kwamba tumekuwa mawe yaliyo hai. Mama alilia. Mimi pia, kidogo. Huyu ndiye mzee aliyeshika jembe na kuchimba kaburi la baba yangu siku ambayo ndugu zake baba walichelewa kufika. Nikiwa na miaka kumi na mmoja nilimwona akitoka ndani ya lile shimo na udongo mwekundu hadi magotini. Sijawahi kusahau alivyokuwa.

Mchana tulimaliza jiko. Meko matatu, karo ndefu ya kuoshea vyombo, dirisha linalotazama soko. 

Jumamosi, 28 Oktoba

Sijui nianzie wapi, kwa hivyo naanzia penye kufuli.

Tulifika saa nane kupaka rangi, mkono wa mwisho. Mlango wa ngazi ulikuwa na kufuli jipya na mlinzi ambaye hatujawahi kumwona. Wanaume wawili walikuwa wanapandisha vitanda, si vile vyembamba tulivyoahidiwa bali vipana vya watu wawili, vyenye vichwa vya ngozi ya kuigiza. Juu ya mlango wa ngazi, kwenye ukuta nilioukwangua kwa siku tatu hadi kidole kikatoka damu, bango jipya: VYUMBA VYA WAGENI, KWA SIKU AU KWA WIKI. Na namba ya simu.

Mlinzi akasema yeye haelewi mambo ya vijana, ameambiwa asiruhusu mtu. Nikageuka nikamwona Kusow amesimama mlangoni mwa duka lake, nami nikamwendea. Nilimwambia mambo ambayo nisingependa mama asikie. Kwamba tulijua tangu mwanzo anataka jengo lote. Kwamba watu wakija na pesa kutoka mbali sisi wenyeji tunageuzwa vibarua kwetu.

Aliningoja nimalize. Kisha, kwa Kikamba kilichonyooka kuliko changu, akaniuliza kama nimemaliza. Akatoa barua chini ya mizani akanipa nisome. Ushirika unamtaka aondoke ifikapo mwisho wa Desemba, duka ligeuzwe mapokezi na mkahawa wa wageni. Amekuwa hapo miaka kumi na tisa.

"Nilidhani ni nyinyi," akasema. "Kila Jumamosi nilikuwa nawatazama, nikisema, hawa ndio wanaonitoa."

Nilirudisha barua mikononi mwake. Aibu iliniwasha masikio. Nikaenda.

Jumatatu, 30 Oktoba

Tulikwenda watatu ofisini kwa mwenyekiti saa ya chakula cha mchana: mimi, Kalekye na Kitonga. Alituletea soda. Alituuliza habari za wazazi mmoja mmoja. Kisha akaeleza kwamba kamati imetafakari na kuomba, ikaona hatari ambayo haikuiona mwanzo. Wavulana na wasichana ambao hawajaoana, jiko moja, ngazi moja. Watu wa Mungu wangemwuliza nini?

Nikamwuliza kama hatari hiyo haikuwepo mwezi wa nane tulipokuwa tunabeba kifusi pamoja, wavulana na wasichana, kwenye ngazi hiyo hiyo.

"Mwanangu," akasema, "nuru huja kidogo kidogo."

Akaahidi kila mmoja wetu atapewa cheti cha shukrani.

Nje, Kalekye alisimama chini ya bango akaitazama namba ya simu kwa muda mrefu. Anaijua. Hupelekea mikate mwenye namba hiyo kila Ijumaa. Ni mkwe wa Mzee Mutisya, aliyemwoa binti yake wa pili.

Cheti! Sijalala vizuri tangu nilipolisikia neno hilo.

Jumatano, 1 Novemba

Kitonga ameandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba tutulie, hii maneno ya kupigana na wazee itatuumiza. Wengi wamekubali. Kumi wamejiondoa kwenye kikundi.

Jumanne, 7 Novemba

Mto umejaa. Tulisimama ukingoni watu kama thelathini, walimu, wauza mboga, vibarua, tukitazama maji ya kahawia yakipita na matawi. Nilifika saa tano. Mara ya pili.

Alhamisi, 9 Novemba

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, kwa ruhusa ya Mama Syombua.

Kalekye huanza kazi saa kumi na moja alfajiri, na saa hizo kutoka kwao hakuna gari wala boda inayokubali matope. Hutembea kando ya lami saa nzima. Leo mvua ilikuwa nzito, lori likakwepa shimo na kumgonga. Halikusimama. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka maziwa ndiye aliyemkuta kwenye mtaro. Mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili, na nyonga imepasuka. Daktari anasema ataishi na atatembea, lakini si mwaka huu.

Aliamka saa sita. Midomo ilikuwa imekauka, nikamlowesha kwa pamba. Aliniuliza kama mkate uliungua, maana mwenzake hajui tanuri. Kisha akafumba macho, nikadhani amelala.

"Nzisa," akasema, "chumba changu wamekiwekea kitanda gani?"

Nilitoka nje.

Kutoka chumba kile hadi kwenye tanuri ni hatua mia mbili. Najua, tulizihesabu pamoja siku ya kupaka rangi, tukicheka. Hatua mia mbili chini ya taa za mji. Badala yake wamempa saa nzima ya giza na mtaro, kwa sababu jiko la pamoja ni dhambi. Na nisiambiwe ni ajali. Ajali ni shimo na lori. Kumweka Kalekye pale barabarani kulikuwa uamuzi, uliofanywa mezani, na soda.

Saa kumi Mzee Mutisya alifika na machungwa na Biblia. Alisimama miguuni pa kitanda akaomba kwa sauti yake ile nzuri. Kalekye alifumba macho mapema, kabla ya maombi, na hakuyafumbua hadi mzee alipoondoka. Nilimtazama mzee viatu. Vilikuwa safi. Nilijaribu kumwona tena yule mtu wa udongo magotini na sikumpata.

Ijumaa, 10 Novemba

Nilifungua sanduku la mama, mahali anapoweka cheti cha ubatizo na karatasi za shamba, nikatoa kitabu cha sheria za ushirika. Kifungu cha ishirini na moja: wanachama hamsini wakiweka sahihi, mkutano maalum lazima uitwe ndani ya siku kumi na nne, na uamuzi wake uko juu ya kamati.

Nikamwekea mama karatasi mezani, awe wa kwanza. Akaendelea kupepeta maharagwe. Akanikumbusha kaburi.

"Mwaitu," nikamwambia mama, "alichimba. Sikatai. Je, kaburi moja linatosha kununua watu wote?"

 Alihamia nje na ungo wake, akapepeta kwenye manyunyu.

Jumapili, 12 Novemba

Sikwenda kanisani. Mama alikwenda hospitalini badala ya ibada, peke yake, bila kuniambia. Aliporudi hakuvua kitambaa cha kichwa. Akaomba kalamu, akaandika jina lake taratibu, Kasyoka Muindi, herufi moja moja, na namba yake ya uanachama kwa kichwa. Halafu akauliza ni nani mwingine tunaanza naye kijijini.

Jumatano, 15 Novemba

Sahihi kumi na moja. Njia zimekatika, wanachama wametawanyika, wengine wazee wasioweza kutoka. Nimetembea hadi kucha ya kidole gumba imeng'oka.

Ijumaa, 17 Novemba

Nilikwenda kwa Kusow kuomba msamaha. Nilikuwa nimejitungia maneno, lakini alinikata kwa kuniuliza sahihi ni ngapi. Kumbe habari zimemfikia. Akasema akina mama wa Wendo wote hununua sukari na unga kwake siku za soko, anawajua kwa majina na kwa majina ya wajukuu. Niache karatasi na kalamu juu ya kaunta. Yeye hatamshawishi mtu. Ataonyesha tu barua yake, na mimi niandike yetu kwa Kikamba ibandikwe kando.

Nikamwuliza kama haogopi.

"Barua ya kunitoa ninayo tayari," akasema. "Wataniandikia nyingine?"

Jumatatu, 20 Novemba

Thelathini na saba.

Alhamisi, 23 Novemba

Hamsini na nne! Nilitoka dukani kwa Kusow nikikimbia na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, nikakuta mlango wa ngazi wazi na mlinzi hayupo. Nikapanda.

Kitonga alikuwa bafuni akifunga mashine za maji moto. Kiunoni alikuwa na kitita cha funguo.

Hakujaribu kudanganya. Amepewa kazi ya kutunza jengo, na chumba cha nyuma akae na mtoto wake. Alipewa tangu ile wiki ya soda. Alipokuwa akituandikia tutulie, alikuwa ameshahamisha godoro. Akasema mtoto alikuwa anaamshwa saa kumi alfajiri kila siku kupelekwa kwa nyanya yake, amekonda. Akasema mimi sina mtoto, siwezi kujua.

"Nani angekataa, Nzisa? Niambie mtu mmoja."

"Kalekye hakuulizwa," nikamwambia.

Alikaa kwenye ukingo wa bafu, spana mkononi. Nilishuka. Najua mtoto wake anaitwa nani, nimewahi kumbeba. Hilo halipunguzi hasira yangu, linaiongeza, kwa maana wametumia kitu cha kweli kumnunua.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimewasilisha karatasi. Karani alizihesabu mara tatu, kisha akagonga muhuri.

Saa tatu. Mara ya tatu. Mama Syombua aliisoma saa daftarini. Saa nane nilimsikia akiongea na msichana kwenye simu, akimwuliza anaishi wapi.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua. Lenzi sita. Moja nimeivunja.

Jumamosi, 2 Desemba

Mkutano ulikuwa uani mwa ushirika, chini ya turubai. Mvua ilianza saa tatu na nikasema moyoni basi, kwisha, hakuna atakayevuka mto. Kisha wakaanza kuingia. Akina mama wenye magunia vichwani, viatu mikononi, leso zimelowa hadi kiunoni. Wale wa upande wetu walikuwa wameshikana mikono kuvuka mto, ishirini kwa mpigo. Kusow alitoa viti vyake vyote vya dukani na makreti ya soda yakageuzwa viti.

Mzee Mutisya aliongea nusu saa. Alisema wageni watakuza jina la ushirika. Alisema vijana wa siku hizi wana haraka. Kisha akarudi kwenye maadili, jiko moja, ngazi moja, na nikaona vichwa vinakubali, tena vingi. Nilikuwa nimeandika hotuba. Mimi si mwanachama, sikuruhusiwa kuisoma.

Mama alisimama. Hajawahi kuongea kwenye mkutano wowote, hata wa mazishi ya mumewe. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Mzee, mimi sikusoma," akasema. "Nieleweshe. Mtoto wangu akipika chai na mwenzake, wakitoka kazini wote wamechoka, hiyo ni dhambi. Lakini mtu akija na gari, alale siku moja kwenye kitanda cha watu wawili, asiulizwe yuko na nani, hiyo ni baraka ya ushirika?"

 Mama mmoja wa nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikapita chini ya turubai kama upepo kwenye mtama. Mzee akasema Kasyoka asahau utani, akumbuke walikotoka pamoja.

"Nakumbuka," akasema mama. "Ulichimba kaburi la mume wangu na nitakushukuru hadi nizikwe. Sikujua ulikuwa unanikopesha."

Akaketi. Nilitaka kumkimbilia lakini watu walikuwa wameanza kusimama, maana kura ilikuwa ya kusimama. Mia moja na thelathini na moja walitaka vyumba virudi kwa vijana na barua ya Kusow ifutwe. Arobaini na wanane walikataa.

Mzee Mutisya hakuomba msamaha. Alitutaka tuiname, akafunga mkutano kwa sala, akamshukuru Mungu kwa umoja. Hata kushindwa alikugeuza mahubiri.

Jumapili, 3 Desemba

Mama amelala mchana kutwa. Sijawahi kumwona akilala mchana.

Jumanne, 5 Desemba

Mama Syombua amesikia. Mji mzima umesikia. Amesema atangoja hadi Januari, kisha aone.

Jumamosi, 9 Desemba

Leo vyumba vimegawanywa kule juu jikoni, na kamati ya muda ya akina mama watatu ilisimamia.

Kalekye hawezi kupanda ngazi. Nilisema hilo mbele ya watu: tumepigania ghorofa mbili, na yeye hawezi hata moja. Kusow akasema amehamisha magunia kutoka stoo yake ya nyuma. Iko chini na ina dirisha. Ameipaka chokaa mwenyewe, vibaya, imemwagika sakafuni kote. Amesema Kalekye akipanda ngazi siku moja, stoo itarudi kuwa stoo.

Tuliobaki tulikuwa ishirini na watatu, na vyumba kumi na vinane. Wengine walitaka jina la Kitonga litolewe. Wakanitazama mimi. Sheria ya kugawa vyumba niliiandika mwenyewe: kila aliyefanya kazi achote. Na alifanya kazi kuliko sisi wote. Nikasema aachwe, na sikusema kwa wema, nilisema nimeuma meno.

Karatasi zilitiwa kwenye kyondo, kikapu cha mkonge, kumi na nane zenye namba, tano tupu. Nikachota. Ilikuwa tupu.

Niliigeuza upande wa pili, kama mjinga.  Nilikunja ile karatasi ndogo, ndogo zaidi, nikasimama kando ya ukuta ninaoufahamu kwa kila ufa, nikiwaza mto, na Januari, na yule msichana wa kwenye simu. Nilikuwa na hasira na kyondo.

Kitonga alichota baada yangu. Namba kumi na moja. Mtoto wake alikuwa amemshika suruali. Kisha akavuka chumba mbele ya watu wote, akanipa. Akasema dada yake amehamia karibu na soko, atampokea yeye na mtoto, na kazi ya kutunza jengo ameshairudisha. Kamati ilitazamana. Mama mmoja akasema kama mwenye chumba ametoa, ametoa.

Nilichukua. Sikusema asante. Nilijaribu, neno halikuja, na sitaki kuandika hapa kwamba lilikuja.

Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama basi yameisha.

Nikamwambia hayajaisha. Nikamwambia Kalekye anatoka hospitalini Alhamisi na stoo haina maji wala choo cha mtu mwenye magongo, na fundi wa mabomba ninayemjua ni mmoja. Aliinama akamnyanyua mtoto, akamkalisha juu ya meza ya jikoni, akashuka stoo na mkanda wake wa kupimia.